Wauguzi 14 kwenye orodha, wawili usiku

Swali

Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya upasuaji yenye vitanda 28, na karibu siku zote vimejaa. Orodha yangu ina wauguzi 14. Usiku wanabaki wawili, zamu ya saa 12, pamoja na mhudumu mmoja tunayegawana na wodi jirani. Kila nikiomba nyongeza naambiwa kwamba wauguzi 14 kwa wagonjwa 28 ni muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili, kwa hiyo tatizo ni upangaji wangu wa zamu. Je, kuna idadi inayokubalika? Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi: juzi nimegundua kwamba vijana wangu wa usiku wanajaza kwenye chati vipimo ambavyo hawakupima. Niwachukulie hatua?

Jibu

Dada yangu, pole na kazi. Wauguzi 14 kwenye orodha hawawi wauguzi 14 wodini, na hilo unaweza kulionyesha kwa kalamu na karatasi bila kugombana na mtu.

Wodi haifungwi. Mwaka una saa 8,760, na kila saa moja ya hizo lazima mtu awepo. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anatoa saa 2,080 kwa mwaka, hapo hujatoa kitu. Toa likizo, tuseme siku 20 za kazi. Toa sikukuu 10, siku 6 za kuugua na siku 4 za mafunzo. Hizo ni siku 40, yaani saa 320, na zinabaki 1,760. Gawa 8,760 kwa 1,760, unapata karibu 5. Ili nafasi moja wodini iwe na mtu usiku na mchana mwaka mzima, unahitaji wauguzi watano kwenye orodha. Hao 14 wako ni nafasi zisizotimia tatu. Jitoe na wewe mwenyewe, maana siku yako inaliwa na vikao, maombi ya dawa na ratiba. Mtoe aliye kwenye likizo ya uzazi, na kwenye orodha ya watu 14 huyo hakosekani mara nyingi. Umebaki na 12, ambao ni nafasi mbili na kidogo. Hata ukiipanga ratiba hiyo kwa ustadi wa namna gani, haiwezi kukupa zaidi ya hapo, na ukiongeza mtu mchana umempunguza usiku.

Kwa hiyo ile "mmoja kwa wawili" unayoambiwa, ikifika saa nane usiku ni mmoja kwa 14. Aliyekutajia uwiano huo amegawa vitanda kwa majina, akasahau kwamba mgonjwa yuko wodini saa 24 kila siku, na muuguzi ana saa zake za kwenda nyumbani.

Sasa tuingie kwenye usiku wenyewe. Wauguzi wawili kwa saa 12 ni dakika 1,440. Kila mmoja atatumia dakika 60 kukabidhiana zamu, jioni na asubuhi, na dakika 45 kula na kunyoosha mgongo. Zinabaki 1,230 kwa wote wawili. Tuseme una wagonjwa wanne wasioweza kujigeuza, na kila mmoja anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na watu wawili, kwa dakika tano: 240 zimekwenda. Watatu wametoka chumba cha upasuaji jioni hiyo na wanatakiwa kupimwa kila saa, dakika tano kila mara: 180. Vitanda viwili vimepokea wagonjwa wapya, dakika 45 kila mmoja: 90. Wagonjwa 25 waliobaki wapimwe mara tatu tu usiku kucha: 375. Dawa kwa wagonjwa 20, mara mbili, dakika tano tano: 200. Kuandika ripoti ya kila mgonjwa, dakika tano: 140. Jumlisha, kisha toa kwenye 1,230.

Zinabaki dakika tano.

Dakika tano za usiku mzima, kwa wauguzi wawili, na bado hakuna aliyebonyeza kengele. Bado dripu haijavimbisha mkono wa mtu, hakuna aliyetaka kusaidiwa kwenda chooni, hakuna aliyetapika, hakuna daktari aliyepigiwa simu mara tatu, hakuna aliyetumwa kufuata damu. Mhudumu sikumhesabu kwa kuwa naye ana wodi nyingine inayomsubiri. Dakika hizi ni makadirio yangu. Weka za kwako, zilizopimwa kwa saa wodini kwako kwa siku nne au tano, uone kama unafika alfajiri ukiwa na salio. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya aina hii ya kupanga watumishi kwa mzigo halisi wa kazi, badala ya idadi ya vitanda, inayojulikana kama WISN. Ukitaka hesabu itakayopokelewa kwa heshima ofisini, ipange kwa mtindo huo.

Usiku wa namna hiyo lazima kitu kiachwe, na kuna mpangilio katika kile kinachoachwa. Dawa ina daftari na ina saa yake, kwa hiyo inatolewa, hata kama imechelewa. Damu inayotoka inaonekana, kwa hiyo inakimbiliwa. Kinachoachwa ni kile kisichopiga kelele: kukaa kando ya mgonjwa aliyetulia na kumwangalia. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, RN4CAST, uliwauliza wauguzi ni kazi gani kati ya 13 walizoziacha kwa kukosa muda katika zamu yao ya mwisho. Iliyoongoza ilikuwa kuzungumza na wagonjwa na kuwafariji: asilimia 53 walikuwa wameiacha. Wengi hulichukulia hilo kama suala la upole tu, la kusikitisha lakini lisilo na hatari. Mimi naona hatari imelala hapo hapo. Ni wakati unamgeuza mgonjwa na kumuuliza habari za wanawe ndipo unasikia kwamba hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Ni wakati unamfuta uso ndipo unagundua jasho ni la baridi.

Na hapa nikwambie la kwangu, kwa sababu linahusu swali lako la pili.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, nilikuwa zamu ya usiku na mwenzangu mmoja. Kulikuwa na mzee kwenye kitanda cha dirishani, siku ya tatu baada ya upasuaji wa utumbo. Saa nne usiku nilimpima presha, mapigo na joto. Kwenye kupumua nikaandika 20 kwa kumtupia jicho, maana kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima ya kusimama kimya, na kengele mbili zilikuwa zinalia. Saa nane sikumfikia kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimebana kidonda cha mgonjwa mwingine kilichokuwa kinavuja damu. Nilipopata nafasi, nikajaza kile kisanduku: 20. Inakaribia saa kumi na moja alfajiri, mgonjwa wa kitanda cha pili akaniita. "Sista, huyu mzee anahema tangu usiku." Nikakaa, nikahesabu. Pumzi 34 kwa dakika. Vidole vya miguu vya baridi, na kwenye mfuko wa mkojo hamna kitu cha kupimika. Alirudishwa chumba cha upasuaji asubuhi hiyo. Mshono wa utumbo ulikuwa umeachia. Hakupona.

Faili lake lilipopitiwa, chati ilionyesha mgonjwa aliyekuwa salama mpaka alfajiri. Hakuna aliyeuliza usiku ule tulikuwa wangapi, wala hakukuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa chati yangu ilisema kila kitu kilifanyika. Nilificha kosa langu, na kwa mkono huo huo nikaificha wodi nzima.

Wagonjwa wa aina ya yule mzee ni wengi. Mwaka 1990 Schein na wenzake walichunguza wagonjwa 64 ambao moyo ulisimama wakiwa wamelazwa. Asilimia 84 walikuwa na dalili za kuzorota, au malalamiko mapya, ndani ya saa 8 kabla ya tukio. Mwili ulikuwa umeshasema. Miaka miwili baadaye Jeffrey Silber na wenzake wakaja na kipimo walichokiita kushindwa kuokoa: kati ya wagonjwa waliopata tatizo baada ya upasuaji, ni wangapi walikufa? Walichoona ni kwamba kupata tatizo kunategemea zaidi hali ya mgonjwa mwenyewe, ila kuokolewa kutoka kwenye tatizo hilo kunategemea zaidi hospitali. Kati ya hayo mawili yupo mtu anayepita vitandani usiku, na swali ni kama ana dakika ya kusimama.

Hapo ndipo idadi inapoingia. Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa Linda Aiken na wenzake, wa mwaka 2002, katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, kwa wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe, na asilimia 7 hiyo hiyo kwenye kushindwa kuokoa. Muuguzi mwenye wagonjwa wanane akilinganishwa na mwenye wanne, ongezeko lilikuwa asilimia 31. Mwaka 2014 utafiti kama huo katika nchi tisa za Ulaya, hospitali 300, ukapata asilimia 7 ile ile. Bosi wako akiwa msomi atakwambia kwamba hospitali zenye wauguzi wengi huenda zina fedha na vifaa bora pia, na hapo atakuwa na hoja. Watafiti wenyewe walijitahidi kulichuja hilo, lakini kulinganisha hospitali na hospitali hakumalizi ubishi.

Kwa hoja hiyo mpelekee utafiti wa Jack Needleman na wenzake wa mwaka 2011, ambao kwako wewe nauona una thamani kuliko ule wa Pennsylvania. Walichukua hospitali moja tu, wodi 43, zamu zaidi ya 176,000, wakalinganisha wodi na yenyewe. Mgonjwa alipopitia zamu ambayo saa za wauguzi zilipungua kwa 8 au zaidi chini ya kiwango kilichopangwa, hatari ya kufa ilipanda kwa asilimia 2 kwa kila zamu ya namna hiyo. Na kwa kila zamu yenye pilikapilika kubwa za kulaza, kuhamisha na kuruhusu wagonjwa, ilipanda kwa asilimia 4. Hospitali yenyewe ilikuwa nzuri kwa wastani. Wastani haukumsaidia aliyelazwa kwenye zamu pungufu. Zingatia pia hilo la pilikapilika: kitanda kimoja kinaweza kupokea wagonjwa watatu kwa siku moja, na hesabu ya vitanda inayofanywa usiku wa manane inamwona mmoja tu.

Umeuliza kama kuna idadi inayokubalika. Ipo katika sheria za baadhi ya maeneo, na hazilingani. California iliweka kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2004, na kwa wodi za kawaida za wagonjwa wa ndani na upasuaji sasa ni muuguzi mmoja kwa wagonjwa wasiozidi watano, usiku na mchana, hata wakati mwenzake amekwenda kula. Queensland, Australia, ilianza mwaka 2016 kwa wastani wa mmoja kwa wanne asubuhi na mchana, na mmoja kwa saba usiku. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya huduma za afya, ilikataa mwaka 2014 kutaja uwiano mmoja kwa wodi zote, ila ilionya kwamba hatari inaongezeka mchana muuguzi anapopita wagonjwa wanane. Siwezi kukwambia kwamba namba yako lazima iwe saba au tano, kwa sababu wodi yenye wagonjwa wanne wa kugeuzwa na watatu waliotoka kupasuliwa ni wodi nyingine kabisa ikilinganishwa na ile ambayo nusu yao wanasubiri kuruhusiwa, hata kama vitanda ni 28 kote kuwili. Lakini 14 usiku, kwenye wodi ya upasuaji, ni mara mbili ya kiwango cha usiku cha Queensland. Ni nyingi mno, na sioni hoja ya kitaalamu ya kuitetea.

Utaambiwa fedha hazipo, na huenda kweli ni finyu. Queensland walifuatiliwa: hospitali 27 zilizowekewa uwiano zikalinganishwa na 28 ambazo hazikuwekewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Fedha zilizookolewa kwa wagonjwa kukaa siku chache na kutorudi kulazwa zilizidi mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Kidonda cha mgandamizo ambacho kingezuiwa kwa kumgeuza mtu ni wiki kadhaa za kitanda, dawa na bandeji.

Kuna dawa mbili za bei rahisi utakazopewa, na zote uzipokee kwa tahadhari. Ya kwanza ni kuongezewa wahudumu mahali pa wauguzi. Mhudumu wa ziada ni baraka, na ningekuwa wewe ningemwomba awe wa wodi yako peke yako usiku, lakini asiwe badala ya muuguzi. Katika utafiti wa nchi sita za Ulaya uliochapishwa mwaka 2017, kumwondoa muuguzi mmoja na kumweka msaidizi kwa kila wagonjwa 25 kuliendana na ongezeko la asilimia 21 la uwezekano wa kufa. Ya pili ni kuwaunganishia zamu hao hao ulionao. Ann Rogers na wenzake, mwaka 2004, waliona kwamba anayefanya kazi saa 12 na nusu au zaidi mfululizo ana uwezekano wa kukosea karibu mara tatu. Zamu zako za saa 12 zimeshafika ukingoni, na kila anayebaki nusu saa kumalizia ripoti ameuvuka.

Wakati unasubiri majibu, usiku wa leo una wauguzi wawili. Jioni, wakati wa kukabidhiana, mzunguke vitanda vyote kwa pamoja na mtaje kwa sauti wagonjwa wanne au watano ambao haikubaliki wapitwe. Walio karibu na mlango wa wauguzi wawe hao. Kuhamisha vitanda ni kero, ila ni kero ya dakika kumi. Anayegawa dawa asiitwe mpaka amalize, kwa sababu kila akikatizwa makosa yanaongezeka kwa takriban asilimia 12. Hilo lilipimwa katika hospitali mbili za Sydney mwaka 2010. Kama mnatumia alama za tahadhari za mapema, zile anazopewa mgonjwa kutokana na vipimo vyake na zinazopanda kadiri hali inavyozorota, mfano NEWS ya Uingereza, ziwaongoze kuchagua nani arudiwe kwanza. Lakini kumbuka jinsi zinavyohesabiwa: pumzi 20 ni alama 0, pumzi 25 na kuendelea ni alama 3 papo hapo. Yule mzee wangu, kwa ile 20 niliyoibuni, angepata sifuri.

Na hapo tumefika kwa vijana wako. Usianze na adhabu. Waite wote, wa usiku na wa mchana, uwaambie kwamba kuanzia leo kisanduku ambacho hakikupimwa kiachwe wazi, na pembeni yake aandike "haikupimwa", saa, na sababu kwa maneno manne: mgonjwa mwingine alitoka damu, tulikuwa tunapokea mgonjwa, nilikuwa peke yangu. Waahidi kwamba anayeacha wazi kwa ukweli hataulizwa kwa ukali, na ahadi hiyo uilinde hata mbele ya wakubwa. Anayebuni namba baada ya hapo, huyo ndiye utakayemchukulia hatua, na atajua kwa nini.

Kisha tengeneza karatasi moja kwa kila zamu. Wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, wangapi wa kugeuzwa, wangapi wa kupimwa kila saa, wangapi wameingia na kutoka. Chini yake weka yale ambayo NICE iliyaita alama nyekundu: vipimo vilivyopitwa, dawa iliyorukwa, mgonjwa aliyesubiri dawa ya maumivu zaidi ya nusu saa, saa za wauguzi zilizopungua kwa 8 au kwa robo ya zilizopangwa. Ikitokea mojawapo, muuguzi wa zamu ampigie msimamizi wa usiku pale pale na aandike saa aliyopiga na alichojibiwa. Fanya hivyo siku 30 bila kukosa, hata siku zilizokuwa shwari, kwa sababu ukileta za shida tupu utaonekana umechagua.

Siku ya 31 nenda ofisini na karatasi hizo, ile hesabu ya saa 1,760, na chati zenye visanduku vilivyo wazi. Omba jambo moja linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana: muuguzi wa tatu usiku. Kwa hesabu ya mwanzo, hao ni watu wawili au watatu zaidi kwenye orodha, kwa kuwa nafasi ya usiku peke yake ni nusu ya siku. Akikwambia tena habari ya mmoja kwa wawili, mfungulie chati ya usiku wowote kati ya hizo 30 na umwombe akuonyeshe huyo mmoja alikuwa wapi saa nane.